Makopo Yaliyobonyea

Alhamisi, saa nne asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku,
mikono bado inanuka chewa
ingawa nimeisugua kwa limau na sabuni ya vyombo.
Hapa Grimsby samaki huja wamegandishwa kutoka mbali,
kama mimi,
na hakuna anayeyeyuka kwa siku moja.

Chini ya kanisa kuna chumba kilichokuwa cha shule ya Jumapili.
Sasa kina rafu: maharagwe, supu ya nyanya, tambi,
nepi, na majani ya chai, maana Waingereza
hata wakiwa na njaa huanza na chai.
Kasisi Philippa hunipa aproni na orodha.
Kazi yangu kujaza mifuko. Sihubiri.

Akaingia Bwana Tasker wa nambari kumi na saba.

Mtaa mzima unamjua.
Ni yeye, mwezi wa nane, kwa rangi nyeupe,
kwenye pipa langu la taka: rudini kwenu.
Mwanangu Yonazi, miaka saba, akalisoma
akasema, "Mama, ameruka herufi moja."
Alitaka kuiongeza. Nilimzuia, sijui kwa nini.
Nilisugua siku tatu. Mpaka leo
jua likipiga kwa ubavuni, pipa linasema.

Basi akasimama mbele yangu, kofia mkononi,
macho sakafuni kama aliyedondosha sarafu.
Hakunitambua, au alinitambua mno.
Nami, mwanakwaya, sauti ya pili,
niliyebatizwa kwa kuzamishwa hadi maji yakaniingia puani,
nikamchagulia makopo yaliyobonyea.
Moja moja. Nikiyageuza nitafute lililoumia zaidi.
Yalikuwa halali, tarehe hazijapita.
Orodha ilitimia. Kasisi akanishukuru.
Ukiweka mfuko ule kwenye mzani
uovu wangu hauongezi hata gramu.

Jumapili jioni tunasali Waswahili wachache, sebuleni kwa Mzee Eliapenda,
viatu vimejaa mlangoni.
Tulipofika pale tunapoomba tupimiwe kwa kibaba chetu wenyewe
sauti ya pili ilikatika.
Nsia akageuka kunitazama.
Nsia ninayemdai pauni arobaini,
au yeye ananidai radhi, tumesahau lipi lilitangulia.
Miezi minane tunaimba bega kwa bega bila salamu.
Na Nsia hajawahi kuandika chochote kwenye pipa langu.

Alhamisi iliyofuata Bwana Tasker alirudi na kopo moja
na kidole gumba kimefungwa kitambaa.
"Halifunguki," akasema. "Ukingo umepinda. Nilijaribu bisibisi."
Kitambaa kilikuwa na damu iliyokauka, rangi ya supu.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabla ya kopo.
Lakini Kiingereza changu kinajua samahani
ile ya kupishana mlangoni tu.
Nikaligeuza kopo kichwa chini,
upande ambao haukuumia,
nikalizungusha kifungulio hadi likaachia pumzi.

"Uko kiwandani," akasema. Harufu ilikuwa imenitangulia.
"Zamu ya usiku."
"Nilikaa pale miaka kumi na tisa. Kabla hawajawaleta..."
Akanyamaza.
Neno lililobaki likakaa kati yetu
kama mgeni ambaye hakuna aliyemletea kiti.

Nikasema pole. Kwa Kiswahili.
Akatikisa kichwa kama aliyetajiwa bei.
Nikamwekea plasta mfukoni, na makopo mapya manne,
na hilo nalo silihesabu,
maana mkono uliotoa ulikuwa unatetemeka kwa hasira
bado.

Usiku, kabla ya basi la kiwandani,
nilimwandikia Nsia: Zile arobaini
nikafuta.
Nikaandika: Una kifungulio cha makopo uniazime?
Kabatini nilikuwa navyo viwili.

Ilipita dakika moja, labda mbili. Yonazi alikuwa analala
na daftari lake la maneno ya Jumatatu kifuani.

Ninacho, akajibu. Njoo.